Breki Kabla ya Mbio: Wasomaji Wauliza Kuhusu Pikapu za Zamani

Toleo hili tumelitenga kwa barua zinazohusu pikapu za miaka ya sabini na themanini, ambazo wengi wenu mmezirithi kwa wazazi au mmezinunua zikiwa zimeachwa chini ya miti kwa miaka mingi. Karibu kila barua inauliza namna ya kuongeza nguvu ya injini. Nitajibu, lakini kwa utaratibu ninaouamini kwa dhati: gari lipoe vizuri, lisimame vizuri na chasisi yake iwe nzima, ndipo tuzungumze juu ya nguvu.

Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 pikapu ya petroli, ambayo kwa miaka mingi ilibeba viazi kutoka Molo. Siku hizi inachemsha kila inapopanda mlima. Fundi mmoja ameondoa themostati (valvu inayofunguka kwa joto na kupitisha maji kwenda kwenye rejeta) akidai ndiyo inayozuia maji, lakini hali imezidi kuwa mbaya: maji yanapungua bila kuonekana yanakovujia, na asubuhi unatoka moshi mweupe. Nataka kufungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, mwenyewe nyumbani, kisha nifunge kabureta kubwa zaidi. Nianzie wapi? — Msomaji, Nakuru

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzazi. Dalili ulizozieleza zinaelekea kwenye gasketi ya hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya hedi na bloku ya injini, lakini usifungue kitu kabla ya kuthibitisha. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi mdomoni, kisha umwombe mtu awashe gari huku ukitazama. Mapovu yakitoka mfululizo tangu dakika ya kwanza, basi gesi ya mwako inaingia kwenye njia za maji. Chomoa pia kijiti cha oili: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inaonyesha kwamba maji yamefika kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na katika hali hiyo gari lisiwashwe tena hata kwa kulisogeza uani.

Kuna jambo la mahali unapoishi ambalo mafundi wengi hulisahau. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachookoa injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta, ambalo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Kifuniko chenye mpira uliokauka au springi iliyolegea kinaweza kulichemsha gari lisilo na ubovu mwingine wowote, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kazi ya hedi. Kinunue kipya, chenye kiwango cha shinikizo kinachotajwa katika kitabu cha gari.

Themostati irudishwe. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona injini nyingi zikiharibiwa na desturi hii. Injini isiyo na themostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, hunywa petroli zaidi na ringi zake huchakaa upesi, ilhali chanzo cha kuchemsha, ambacho mara nyingi ni rejeta iliyoziba, hubaki palepale. Ukiwa na shaka na themostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka. Kagua feni pia, kwa maana baadhi ya injini hizi za Peugeot zina feni inayoshikwa na sumaku ya umeme maji yanapopata joto, na brashi yake ndogo ya kaboni ikiisha, feni hulegea na kuzunguka bila nguvu wakati unapoihitaji zaidi, yaani gari linapopanda mlima polepole likiwa na mzigo.

Ikithibitika kwamba ni gasketi, ndipo ufungue. Hapa nakuomba usome taratibu. Injini za petroli za 504, ya lita 1.8 na ya lita 2.0, hutumia slivu za maji, yaani kila silinda ni bomba la chuma lililosimamishwa ndani ya bloku, maji yakilizunguka moja kwa moja, nalo hukaa juu ya kizibo chembamba upande wa chini na kukandamizwa na hedi upande wa juu. Hedi ikishaondolewa, hakuna tena kinachozishikilia slivu hizo. Ukizungusha krenki (mhimili unaozisukuma pistoni juu na chini) hata robo ya mzunguko, pistoni zinaweza kuziinua, vizibo vya chini vikahama au kukatika, na maji yakaanza kushuka kwenye oili mara tu utakapomaliza kufunga. Nilifanya kosa hilo nikiwa kijana katika injini ya mteja, na ilitulazimu kuiangusha injini nzima na kubadilisha beringi zote za krenki. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote lingine, tafuta washa nene na boliti za kadiri, uzibane slivu kwenye bloku kwa kutumia matundu ya boliti za hedi, na uziache hivyo hadi siku ya kufunga.

Slivu zinapaswa kuchomoza kidogo juu ya uso wa bloku, zote kwa kimo kinacholingana, kwa kuwa ndiko kuchomoza huko kunakoibana gasketi. Pima kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila gegi (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ulinganishe na kitabu cha injini yako. Slivu moja ikiwa imezama, gasketi mpya haitadumu, hata iwe ya asili kiasi gani. Vizibo vya chini huuzwa kwa unene tofauti kwa ajili ya kurekebisha kimo hicho, lakini ikifika hapo, ningependa uwe na fundi mwenye uzoefu wa Peugeot kando yako.

Hedi yenyewe ni ya aluminiamu na hupinda ikichemshwa mara kwa mara. Ipeleke kwa fundi wa mashine akaipime na kuinyoosha endapo imepinda. Unapoifunga, anza na boliti za katikati ukielekea pembeni, kwa hatua kadhaa na kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kukisia kwa mkono. Kisha panga nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu za kuingizia na milimita 0.25 kwa za kutolea. Mwisho, jaza kulanti iliyochanganywa ipasavyo, kwa sababu maji matupu ya bomba huila aluminiamu kutoka ndani, na hapo ndipo maradhi mengi ya namna hii huanzia.

Kuhusu kabureta kubwa, jibu langu ni hapana. Injini hiyo ilipangwa kuvuta mzigo katika mizunguko ya chini. Kabureta kubwa pekee itakuongezea gharama ya petroli na kukupunguzia uvutaji ule ule uliompandisha baba yako Molo kwa miaka yote hiyo. Ifanyie usafi iliyopo, badilisha gasketi zake, na uhakikishe hakuna hewa inayopenya kwenye mhimili wa kipepeo.

Ndugu Mwandishi, ninayo Land Rover 109 Series III ya bodi ya pikapu. Shemeji yangu ameniletea injini ya dizeli ya Toyota aina ya 2L, nami nataka kuifunga badala ya ile ya petroli. Breki hushika baada ya kuipampu mara mbili au tatu, lakini hilo tutaliangalia baadaye. Je, gia boksi ya Land Rover itaivumilia injini hiyo? — Msomaji, Arusha

Ndugu yangu, sentensi yako ya breki ndiyo iliyonifanya niichague barua hii. Gari lenye uzito huo, linaloshuka miteremko ya huko kwenu, halipaswi kungoja pampu ya tatu ili lisimame. Tuanze hapo.

Breki inayopanda kwa kupampu ina sababu mbili za kawaida: shuu zimekaa mbali na dramu, au kuna hewa kwenye mabomba. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ondoa dramu. Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, kwa sababu laini za zamani za shuu zilitengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu pasipo tiba; lilowanishe kwa maji na ulipanguse kwa kitambaa utakachokitupa ndani ya mfuko uliofungwa. Silinda ya gurudumu yenye unyevunyevu chini ya mpira wake ibadilishwe, na mwenzake wa upande wa pili abadilishwe pia.

Kutoa hewa katika 109 huwatesa wengi, hasa breki za mbele zenye silinda mbili kila gurudumu. Njia inayosaidia sana ni hii: kabla ya kuanza, zungusha virekebishi vya shuu hadi dramu zishikwe kabisa, ili shuu zisisogee unapokanyaga pedeli. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kisha legeza virekebishi hadi gurudumu lizunguke likigusa kwa mbali tu. Tumia mafuta ya breki peke yake. Oili ya injini au ya haidroliki huvimbisha mipira, na kazi yote huanza upya.

Sasa injini. Gia boksi hiyo ilibuniwa kwa ajili ya injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, yenye takriban nguvu farasi 70. Injini ya 2L isiyo na tabo, yenye lita 2.4, haiipiti kwa mbali katika nguvu ya kuzungusha, hivyo gia boksi itaivumilia ukiendesha kwa busara. Ingekuwa ni ile ya silinda sita ya Land Cruiser, ningekukataza. Faida utakayoipata ni ya mafuta zaidi kuliko ya mwendo, kwa kuwa difu za gari lako zina uwiano wa 4.7 kwa 1 na injini itapiga kelele nyingi kabla hujafika mwendo wa barabara kuu. Bamba la kuunganisha injini na gia boksi lazima lichongwe na fundi wa mashine na liwe katikati barabara, kwani likikosea hata kidogo litaua klachi na beringi ya mbele ya gia boksi. Hedi ya 2L ikague nyufa kati ya valvu, ambazo hutokea injini ikiwahi kuchemshwa.

Kumbuka pia kwamba dizeli haina mvuto wa hewa kwenye manifodi kama petroli. Ikiwa gari lako lina busta ya breki, litahitaji pampu ya vakyumu, ambayo katika injini nyingi za 2L imeunganishwa na altaneta. Ukifunga altaneta ya kawaida kwa sababu ni rahisi, utakuwa umeiondoa busta bila kujua. Na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, peleka taarifa ya mabadiliko kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ukiwa na hati halali za injini hiyo. Ukiamua kubaki na injini ya asili, nitafurahi vilevile. Siku hedi yake itakapofunguliwa, mwombe fundi wa mashine aweke viti vigumu vya valvu, kwa maana injini hiyo ilizoea petroli yenye madini ya risasi, ambayo ukanda wetu uliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006.

Hilux yangu ya 1983 ina taa hafifu ingawa nimebadilisha glopu mara mbili. Je, niweke glopu za wati 100? — Msomaji, Mombasa

Usiweke. Umeme wa taa katika magari ya umri huo mara nyingi hupita wote kwenye swichi ya usukani na nyaya nyembamba, na glopu za wati 100 zinaweza kuiyeyusha swichi hiyo. Pima volti kwenye betri na kwenye plagi ya taa, injini ikinguruma na taa zikiwaka. Upungufu wa asilimia 10 tu ya volti hupunguza mwanga kwa asilimia 30 hivi. Funga relei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme mdogo), moja ya mwanga wa mbali na moja ya mwanga wa karibu, zikipata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuziamsha relei tu. Safisha pia sehemu ambapo waya wa ethi umefungwa kwenye bodi, kwa sababu huko kwenu chumvi huanzia hapo.

Assalaam aleikum. Nina Datsun 1200 pikapu ambayo sakafu yake imeliwa na kutu. Fundi anasema atajaza pati na kupiga rangi kwa siku moja. Nikubali? — Msomaji, Tanga

Waaleikum salaam. Usikubali. Datsun 1200 haina chasisi ya kujitegemea upande wa mbele kama Land Rover. Sakafu na mihimili iliyo chini ya milango ndiyo inayobeba gari, na pati haibebi kitu. Gonga kwa bisibisi hadi ufikie bati linalolia vizuri, kata lote lililooza, na uchomelee bati jipya lenye unene ule ule. Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri na altaneta, ondoa viti na mazulia, ondoa tangi la petroli pamoja na bomba zake, na mtu akae na ndoo ya mchanga upande wa pili wa bati, mahali ambapo macho yako hayafiki. Paka rangi ya msingi yenye zinki pande zote mbili siku hiyo hiyo, kwa sababu katika hewa ya Tanga bati lililo wazi huanza kushika kutu kabla ya asubuhi. Kisha nyunyiza nta ndani ya mihimili na uyazibue matundu ya kutolea maji yaliyo chini yake; mafundi wengi huyafunika kwa rangi, na ndiyo yaliyoozesha sakafu ya kwanza.