Nilizima simu, nikaenda Kilwa

Juzi usiku nimeketi na chai yangu ya tangawizi, ujumbe ukaingia. Dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, ananishukuru. "Kaka, ile makala yako ya kuzima simu ukienda mapumziko nimeifanyia kazi. Tumekubaliana watu sita hapa ofisini. Ijumaa tunakwenda Mafia, tunapandia boti Nyamisati, simu zote tunaziacha Dar. Hatutaki kusikia habari za mtu yeyote. Ubarikiwe sana."

Chai ikanipalia.

Nikamjibu palepale: dada yangu, simu msiziache, na kabla hamjaondoka sikilizeni utabiri wa hali ya hewa, huu ni msimu wa masika. Akanirudishia vikatuni vya kicheko na maneno matano tu: "Kaka, si wewe ndiye uliyesema?"

Ni mimi. Niliandika Februari 2024, na niliandika kwa mbwembwe. Ila yaliyonikuta miezi mitatu baadaye sikuyaandika kamwe, maana aibu nayo ina uzito wake. Leo nayatoa, maana naona watu wataumia kwa jina langu.

Kwanza mnielewe nilikuwa katika hali gani. Wakati ule mji mzima ulikuwa umechoka. Desemba 2023 matope yalishuka Mlima Hanang' yakafukia watu Katesh, na mimi nilikesha natazama picha zile hadi nikawa naota. Mwaka ukaingia na mgao wa umeme. Sukari ikaadimika, ukiipata dukani unaambiwa bei huku muuzaji anatazama pembeni. Kila kundi la simu nililokuwemo, la ukoo, la kazini, la waliosoma pamoja, lilikuwa linabishana kuanzia alfajiri. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa kubishana. Nimewahi kukaa ufukweni Kigamboni Jumapili nzima, watoto wanaogelea, baba yao amelala kifudifudi anajibizana na mtu asiyemjua kuhusu bei ya sukari. Mke wangu alinipiga picha siku ile. Hadi leo hajaifuta.

Ndipo nikaja na dawa yangu: ukitoka mjini, zima kila kitu. Nikaijaribu mara mbili Bagamoyo, ikafanya kazi, nikajiona nimegundua jambo. Nikaandika. Mkanisifu. Mtu akisifiwa sana, ndugu zangu, masikio huziba yenyewe.

Sasa Mei Mosi ya mwaka ule iliangukia Jumatano. Nikaomba ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa, nikapata siku tano za kujiachia. Jumatano usiku shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipita nyumbani Tabata akatukuta tunafunga mizigo. Akasema, "Shemeji, nasikia baharini hakujatulia, Mamlaka ya Hali ya Hewa wametoa tahadhari." Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye wasomaji, "Shemeji, sisi kuanzia sasa hatupokei habari." Nikachukua simu yangu na ya mke wangu, nikazizima mbele yake, nikazitumbukiza kwenye kapu la mboga. Aliondoka anatikisa kichwa.

Alhamisi saa 10 alfajiri tulikuwa barabara ya Kilwa, tuipite Mbagala kabla foleni haijaamka. IST yetu, watoto wawili nyuma wamelala, redio kimya. Mkuranga, Kimanzichana, Kibiti. Tulipofika Ikwiriri nikapunguza mwendo. Aprili Rufiji ilikuwa imefurika, mashamba yakamezwa na watu wakahama nyumba zao. Kutoka juu ya daraja la Mkapa maji yalikuwa bado yametanda kama bahari nyingine. Mke wangu akasema, "Hii nchi imelowa, baba." Nikamjibu kuwa ndiyo uzuri wake. Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi.

Siku ya kwanza, sitawadanganya, ilikuwa tamu. Mchana ule ule tulivuka Kilwa Kisiwani kwa mashua. Kama hujafika, fika. Unasimama ndani ya ule Msikiti Mkuu, nguzo na kuba zake, unawaza kwamba Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 akaukuta mji huu ukiwa na fahari yake. Husuni Kubwa kuna birika la kuogelea lenye pembe nane, limejengwa kwenye mwamba juu ya bahari. Mwanangu mkubwa, wakati ule darasa la tano, akaniuliza kama masultani nao walikuwa na wikiendi. Jioni tukala pweza wa nazi na mkate wa kumimina, usingizi ukatuchukua saa 2. Nililala nikijisifu moyoni, tayari napanga sehemu ya pili ya makala.

Ijumaa asubuhi tukateremka pwani. Mpango ulikuwa Songo Mnara, kisiwa cha jirani. Nikakuta mashua zimevutwa juu mchangani, wavuvi wamekaa chini ya mkungu wanazungumza. Nikamfuata nahodha wetu wa jana, mzee wa makamo, mpole. Nikamsalimu, nikamwambia tuko tayari. Akasema leo hakuna safari. Nikamuuliza kwa nini, bahari mbona naiona ya kawaida? Akasema kesho haitakuwa ya kawaida, na leo jioni hataki kuwa nje.

Hapa ndipo naona haya hadi leo. Niliamini anataka kupandisha bei. Nikamwongezea shilingi 20,000. Akakataa. Nikaongeza tena. Yule mzee akanitazama, si kwa hasira, kwa huruma hasa, akaniuliza: "Mjini hamsikilizi redio?"

Wenzake hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Yeye ndiye aliyenipa jina la kimbunga kile, Hidaya. Pwani nzima ilikuwa inalijua jina hilo isipokuwa mimi niliyetoka kwenye mji wenye redio, magazeti na simu tatu kwa kila nyumba. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Na mimi bado, kwa ukaidi, sikuwasha simu. Nilimwambia mke wangu tutakaa ndani tucheze karata.

Jumamosi kimbunga kiliingia Mafia. Kwetu Kilwa Masoko, tulikofikia, ulikuwa upepo na mvua ya kumwaga kama mtu anamimina kwa ndoo, tangu mchana hadi usiku. Umeme ukaondoka. Bati la jiko la nyumba ya wageni likawa linapiga makofi usiku kucha. Mtoto mdogo akalia akitaka bibi. Mke wangu hakusema kitu. Akainuka, akaenda kwenye kapu la mboga, akatoa simu yake akaiwasha.

Zikaanza kuingia taarifa za simu zilizokuwa zikipigwa. Mama mkwe alikuwa amepiga mara 31. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa hauna salamu: "Kama mko hai, mwanangu anijibu yeye, si mumewe."

Jumapili, mvua imetulia, nikajifanya shujaa tuondoke. Tulipofika Nangurukuru tukakuta malori na mabasi yamejipanga, abiria wamekaa kwenye majani. Barabara ilikuwa imekatika mbele huko, upande wa Somanga, na si sehemu moja. Maji yalikuwa yamebeba lami na makalavati. Tukarudi Masoko. Yaliyofuata siyasimulii siku kwa siku, maana yalikuwa yale yale: asubuhi kuulizia barabara, mchana kuulizia barabara, jioni kuhesabu hela. Fedha taslimu ziliisha siku ya pili. Ya kwenye simu nilikuwa nayo, lakini wakala wa kwanza hana floti, wa pili kafunga. Mama mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyetulisha, mihogo na samaki, akasema tutamlipa tukifika Dar. Tulimlipa, na Idi huwa tunamtumia zawadi.

Hadi tunavuka makalavati ya muda kurudi nyumbani, wiki ilikuwa imekaribia kuisha. Watoto wamekosa shule. Mimi nilikuwa nimekosa kikao cha Jumatatu ofisini, kile ambacho nilikuwa nimeambiwa nikiongoze. Mwezi uliofuata nafasi niliyokuwa naisubiri miaka mitatu ilikwenda kwa mwenzangu. Hakuna aliyeniambia sababu ni Kilwa. Wala hakuna aliyeniambia si Kilwa. Huwa namwona kwenye lifti, tunasalimiana vizuri.

Basi, ushauri.

Habari zinazotuchosha na habari zinazotuhusu ni vitu viwili, na mimi nilizitia kwenye kapu moja. Kilichokuwa kinanimaliza ni mabishano. Utabiri wa hali ya hewa haujawahi kumchosha mtu, ni dakika mbili. Sisi wa mjini tunaifuata habari kama dabi ya Kariakoo: nani kamjibu nani, nani kaaibika. Yule nahodha anasikiliza redio kwa sababu nyingine kabisa, anataka kujua kama kesho atarudi kwa watoto wake. Tukiona mtu wa kijijini na kiredio chake begani tunadhani anapoteza muda, kumbe ndiye anayejua dunia inakwenda vipi, na sisi wenye intaneti ya kasi ndio tunaovushwa kama vipofu. Inaniuma kusema, lakini ndivyo.

Kwa hiyo siku hizi nyumbani kwangu kuna Alhamisi ya habari. Jioni ile, kabla ya safari yoyote, natazama utabiri wa siku tano wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, nauliza hali ya barabara kwa mtu aliyeko kule tunakokwenda (dereva wa basi anajua kuliko mtandao), na kama ni safari ya gari naangalia bei ya mafuta, maana EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mara kadhaa imenibadilishia Lushoto ikawa Bagamoyo. Nikimaliza, simu inarudi kwenye kapu. Haizimwi. Inawekwa sauti ya kupokea simu ya mama mkwe.

Narudia, kwa sababu najua mtasoma mkaruka: sikiliza kwanza, ndipo upumzike.

Na beba fedha taslimu. Hili nilijifunza Kilwa, na Oktoba 2025 nikalijua upya hapa hapa Dar. Siku ya uchaguzi, tarehe 29, intaneti ikaondoka, na jioni tukatangaziwa kutotoka nje kuanzia saa 12. Siku zile kila nyumba ina la kusimulia, na si yote ya kuandikwa hapa. Nasema tu kwamba binamu yangu alikuwa amepanga wikiendi ndefu na ndugu zake wa ukweni, na mimi nilimsihi wiki nzima aiahirishe. Akaniita mwoga. Baadaye alikuja nyumbani akanishika mkono bila kusema kitu. Nilikuwa na noti chache kwenye bahasha kabatini, tukagawana na jirani.

Mtaniuliza: sasa raha iko wapi, kama kila safari inaanza kwa taarifa ya habari? Mwezi uliopita tulikwenda Morogoro kwa treni ya SGR. Ilipoanza Juni 2024 nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na mimi ambaye nimekaa Chalinze kwenye foleni hadi nikazeeka bado siamini nafika kabla mtoto hajamaliza karanga zake. Alhamisi nilishasikiliza yangu. Jumamosi tukapanda Morningside, bodaboda nusu ya njia, miguu iliyobaki. Mabonde ya Uluguru yako chini, akina mama wanateremka na matenga ya mboga kichwani, wanatupita kama tumesimama. Saa sita nzima sikugusa simu, na safari hii haikuwa kwa ukaidi, nilikuwa sina ninachokiogopa. Mke wangu akanipiga picha tena. Hii ameiweka ukutani.

Yule dada amenijibu jana. Wameahirisha Mafia hadi Juni, wanne wamekasirika, mmoja ameniita kigeugeu. Nimekubali. Sisi Ijumaa hii tunakwenda Bagamoyo, karibu tu, na mama mkwe ameshapiga mara mbili kuuliza kama nimesikiliza redio.