TV yangu iko Kitengela, jioni zangu ziko hapa

Ndugu uliyeuliza kama uuze TV kwa sababu unafika nyumbani saa mbili usiku, unaketi kidogo tu, kisha unashtukia ni saa sita: usiuze kwanza. Iazime mtu. Yangu iko Kitengela kwa ndugu yangu mdogo, huu mwaka wa tatu.

Mnakumbuka Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa na stesheni kubwa zikapotea hewani karibu wiki tatu kwa mvutano wa ving'amuzi? Tulikuwa mtaa wa Umoja, Nairobi, chumba kimoja. Usiku wa kwanza tuliketi tukitazama kioo cheusi kama waliofiwa. Usiku wa tatu mke wangu akachora drafti nyuma ya kalenda, kete zikawa vizibo vya soda, vyake chali, vyangu kifudifudi. Alinifunga mara nane mfululizo. Miaka minne ya ndoa na sikuwa najua anacheza drafti! Machi stesheni zikarudi, kalenda ikaenda chini ya kitanda, nasi tukarudia taarifa ya saa moja, tamthilia, taarifa ya saa tatu.

Miaka ikapita hivyo, hadi siku niliyopiga hesabu. Saa 4 kila usiku ni saa 28 kwa wiki. Kazini Industrial Area nafanya 45. Nikamwambia mama watoto, akacheka, akasema zake ni zaidi. Jumapili hiyo nikaifunga TV kwa blanketi, nikapanda nayo matatu.

Kuna watakaokuambia utaokoa tokeni za stima. Wapi! TV ya LED ya inchi 32 hula wati kama 50; ukiiwasha saa 5 kila siku, mwezi mzima ni kama yuniti 7 na nusu. Hizo si pesa za kukuhamisha mtaa.

Ambalo sikuambiwa na mtu ni habari ya viti. Vyote vilikuwa vimeelekea ukuta ule mmoja. TV ilipoondoka, vikabaki vinatazama msumari. Wiki nzima tulikula ugali tukiuangalia msumari, kila mtu kimya, mpaka mke wangu akachoka akavigeuza vitazamane na kuweka meza ndogo katikati. Usiku huohuo mtoto alileta hesabu zake mezani bila kuitwa. Kwa hiyo ukitoa TV, geuza viti siku hiyohiyo.

Halafu kuna simu. Hapo niliruka majivu nikakanyaga moto. Mwezi wa kwanza saa zangu zote zilihamia kwenye video za watu wanaoosha zulia (usiniulize). Siku hizi ikifika saa mbili unusu simu zinachajiwa jikoni, juu ya kabati la vyombo. Anayetaka yake aende akasimame huko. Kusimama kunachosha haraka.

Nimezifanyia nini saa hizo? Nimemaliza karatasi mbili za CPA, mitihani ya uhasibu, zilizonilalia tangu 2019. Jumamosi nampeleka mtoto maktaba ya Kaloleni, ambayo kwa miaka nilikuwa napita karibu nayo kwenye Jogoo Road bila kujua ipo. Zilizobaki nalala tu, saa nne niko kitandani, na sioni aibu.

Mpira ndio ulioniuma. Mechi kubwa naenda kibandani, nalipa shilingi 50, dakika 90 zikiisha natoka. Jumatatu kazini bado napitwa na nusu ya mabishano.

Ukiwa na wazee, jiandae. Mama mkwe alipokuja kutoka Murang'a aliangalia ukuta, akaniuliza polepole, "Baba Njeri, kwani mliibiwa?" Nikamweleza. Akaitikia kwa heshima zote. Jioni ya pili alikuwa kwa jirani kuanzia saa moja hadi saa tatu unusu, na Njeri kamfuata na kigoda chake. Sikuwakataza.