Mtoto asiyekula ngano, asubuhi ale nini?

Pole dada, lakini ukishaambiwa na daktari mtoto aache ngano, jiko letu la Unguja linakubeba. Badala ya boflo na maandazi, mpe mkate wa kumimina: roweka mchele usiku, usage na tui, sukari, iliki na hamira, uache uumuke, umimine. Vitumbua ni hivyo hivyo. Vya kununua uliza kwanza, maana wapo wanaochanganya unga wa ngano. Siku ya haraka chemsha muhogo au ndizi, mtilie tui.

Urojo ndio wa kuuogopa! Ule uzito wa supu mara nyingi ni unga wa ngano. Na badia, hata kama ni za dengu tupu, zikikaangwa mafuta yaliyokaangiwa sambusa hazimfai tena. Zikaange nyumbani.

Dukani chukua unga wa mchele, tui la kopo, njugu. Suji na tambi za kawaida ni ngano, shayiri nayo ina gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, basi hata ule uji wa shayiri wa futari asipewe. Sosi ya soya soma kibandiko. Nyingi zina ngano.