Kumfuata mtoto yatima Msumbiji na kuja kumlea Mtwara

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi na mume wangu tunaishi Mikindani, na katika miaka 11 ya ndoa hatujajaaliwa mtoto. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, yupo mtoto wa kike wa miezi minne wa jamaa zetu wa mbali. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake akafuata baada ya kujifungua. Bibi yake mzaa mama ameridhia tumchukue. Mtu mmoja anataka tumlipe ili atuvushie mtoto usiku kwa mtumbwi, kisha tuandikishe kwamba nimemzaa mimi na tumwite kwa jina la mume wangu. Je, inafaa? Na akishakuwa mkubwa, mume wangu atakuwa nani kwake? Wifi yangu wa Lindi, dada wa mume wangu, ananyonyesha, kama hilo lina msaada.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, mfuateni mtoto huyo. Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alisema kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa Peponi hivi, akaashiria kwa kidole cha shahada na cha kati, na hadithi hiyo ameipokea Bukhari. Kinachonitia hofu ni njia mliyoelekezwa.

Kwanza fedha. Mtu aliye huru hauzwi wala hanunuliwi, na katika hadithi Qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mkimpelekea bibi unga, nguo au fedha za matibabu, hiyo ni sadaka na kuunga udugu, lakini malipo ya kupewa mtoto msiyatoe, kwa bibi wala kwa huyo mwenye mtumbwi. Kumvusha mtoto kwa kificho kunaweza pia kuwaingiza katika kosa la usafirishaji haramu wa binadamu, ambalo nchi yetu ina sheria yake tangu mwaka 2008. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hapo Mtwara, mpate hati za mtoto kwa mamlaka za Msumbiji, kisha mpite mpakani mchana mbele ya watu wa uhamiaji, mume wako akiwa pamoja nawe.

Jambo la nasaba ni zito zaidi. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad, na baba yake alipokuja Makka kumtafuta, Zaid mwenyewe alichagua kubaki. Pamoja na mapenzi yote hayo, iliposhuka aya ya tano ya Suratul Ahzab inayoamrisha watoto waitwe kwa baba zao, alirudishiwa jina la Haritha, na mapenzi hayakupungua. Basi cheti cha kuzaliwa kinachosema umemzaa wewe ni ushahidi wa uongo, na siku moja kinaweza kumfanya binti huyu aolewe na ndugu yake wa damu bila kujua. Muombe kwa wahusika malezi ya kambo, yaani kumlea bila kumfanya mtoto wenu wa kumzaa kisheria, abaki na jina la baba yake, kwa sababu kuasili kwa amri ya mahakama humfanya mtoto kuwa kana kwamba amezaliwa nanyi, jambo ambalo sheria ya Kiislamu hailikubali.

Nimeona pia kwamba hukuutaja upande wa baba yake. Huku kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa kwa mama na mjomba ndiye msemaji, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ridhaa ya bibi imemaliza kila kitu. Ni kweli kwamba bibi mzaa mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumlea baada ya mama kufariki. Lakini katika madhehebu ya Shafii, walii, yaani msimamizi, wa mtoto baada ya baba ni babu mzaa baba, na kama yuko hai lazima mumtafute na kumsikiliza. Mwulizeni pia kuhusu mali. Baba huyo akiwa ameacha hata shamba dogo la mikorosho, binti ana fungu lake, liandikwe na lihifadhiwe kwa jina lake, kwani wanaokula mali za mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao (Suratun Nisaa, aya ya 10).

Sasa swali la mume wako. Kwa kumlea tu, yeye ni ajinabi kwa binti huyu, yaani mwanamume wa kando anayeweza kumwoa, na akibaleghe italazimu ajistiri mbele yake ndani ya nyumba hiyo hiyo. Hapa ndipo wifi yako anapokuwa rehema kwenu. Akimnyonyesha mara tano kamili, kila mara mtoto akiachia titi mwenyewe, kabla hajatimiza miaka miwili ya mwezi mwandamo, wifi anakuwa mama yake wa kunyonya na mume wako anakuwa mjomba wake, maharimu wa kudumu, asiyeweza kumwoa kamwe. Angenyonyeshwa na dada yako wewe, ungekuwa mama yake mkubwa au mdogo, lakini mume wako asingekuwa maharimu wake. Pateni kwanza idhini ya mume wa wifi, kwa kuwa naye anakuwa baba wa kunyonya na watoto wao wanakuwa ndugu zake asioweza kuolewa nao. Fanyeni mbele ya mashahidi na muandike tarehe, maana mambo ya maziwa husahaulika upesi na huja kuulizwa siku ya posa.

Maziwa hayaleti urithi. Mkitaka apate kitu kwenu, mpeni hiba, yaani zawadi, mngali hai, au kila mmoja wenu amuusie kisichozidi theluthi ya mali yake, na kwa kuwa si mrithi, wasia huo unaswihi. Bibi yake mwahidini kwamba mtampeleka mjukuu amwone, na mtoto aambiwe habari za wazazi wake tangu anapoanza kuelewa maneno, ili awaombee dua kwa majina yao.

Wallahu a'lam.