Shangazi Anajibu: Dola ya Kanada imepanda, mbona kikapu changu ni kilekile?

Mwezi huu barua karibu zote zimeuliza jambo moja: dola ya Kanada, hii tunayoiita loonie kwa sababu ya yule ndege wa majini aliye kwenye sarafu yake, inapopanda dhidi ya dola ya Marekani, sisi tunaoishi huku inatuhusu nini? Nimechagua nne. Kwa wasionijua, nilikaa miaka 19 kwenye dawati la ankara katika karakana ya kutengeneza kalibu za chuma mjini Windsor, Ontario, mto mmoja tu kutoka Detroit, jimbo la Michigan, upande wa Marekani. Bei ya dola ndiyo iliyoamua kama mwezi utaisha vizuri au vibaya, kwa hiyo nawajibu kwa yale yaliyopita mikononi mwangu.

*Shikamoo Shangazi. Kila nikifungua redio nasikia loonie imepanda, lakini nikienda dukani bei hazijatikisika. Wenye maduka wanatuibia? Na mume wangu anataka Jumamosi tuvuke mpaka twende Buffalo, Marekani, kuwanunulia watoto makoti, turudi jioni. Inalipa?*
*Mama wa Watatu, Hamilton*

Marahaba mwanangu. Koti unaloliona leo dukani liliagizwa miezi mingi nyuma, likalipiwa kwa dola ya siku ile. Halafu bei ya koti si koti peke yake. Ndani yake mna kodi ya pango, mshahara wa muuzaji, umeme na lori lililolileta, na vyote hivyo hulipwa kwa dola ya Kanada, kwa hiyo loonie ikipanda havipungui. Kinachoshuka mapema ni kile kinachoingia na kuisha upesi, kama letusi na stroberi za California wakati wa baridi. Maziwa, mayai na kuku usivitegemee. Hivyo huzalishwa humuhumu kwa mgao unaopangwa, na soko la fedha haliwasumbui wafugaji wake. Petroli nayo ina mtego wake: mafuta ghafi huuzwa kwa dola za Marekani, na mara nyingi loonie hupanda kwa sababu mafuta yenyewe yamepanda, maana Kanada ni muuzaji mkubwa wa mafuta. Ulichookoa kwenye sarafu unakirudisha kwenye pampu.

Lakini siwasafishi wafanyabiashara wote. Septemba 20, 2007 loonie ilifikia dola moja kamili ya Marekani, mara ya kwanza tangu 1976. Vitabu vilikuwa vimechapwa bei mbili nyuma ya jalada, ya Marekani na ya Kanada, na ya kwetu ilikuwa juu kwa dola kadhaa wakati fedha zenyewe zilikuwa sawasawa. Watu walisimama kaunta wameshika kitabu wakidai maelezo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwezi uliofuata Waziri wa Fedha, Jim Flaherty, aliwaita wauzaji wa rejareja na kuwahimiza washushe bei. Bado mwaka 2013 kamati ya Seneti ilikuwa ikitoa ripoti nzima kuhusu pengo hilo la bei. Baadhi ya watengenezaji wakubwa hupanga bei nchi kwa nchi, kwa kutazama mteja wa pale amezoea kulipa kiasi gani. Hilo una haki ya kulikasirikia, na una haki ya kumuuliza meneja waziwazi.

Sasa Buffalo. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo huna msamaha wowote wa ushuru. Chukua koti la dola 80 za Marekani. Loonie ikiwa senti 75 za Marekani, hizo ni karibu dola 107 za kwetu. Nguo nyingi zilizoshonwa Asia hutozwa ushuru wa forodha wa kama asilimia 18, kisha juu ya jumla hiyo inakuja kodi ya mauzo ya Ontario, asilimia 13. Koti limefika dola 142, na bado hujahesabu kodi ya mauzo ya kule, petroli, wala ile asilimia 2.5 ambayo kadi nyingi hukata ukilipa kwa fedha za kigeni. Mkilala kule usiku mmoja na kutimiza saa 24, kila mtu ana msamaha wa dola 200. Mkitimiza saa 48 ni dola 800, na hata mtoto ana wake, ila hamwezi kuziunganisha ili kuingiza kitu kimoja kikubwa. Kwa hiyo safari ya Jumamosi moja, hapana. Kama tayari mna mpango wa kwenda kulala kwa ndugu, nunueni makoti huko, mtunze risiti, na forodhani mseme kila kitu. Afisa akikukuta umeficha, faini itameza makoti yote matatu.

*Shangazi, nina duka dogo la vyombo vya jikoni hapa Surrey, British Columbia. Loonie ikipanda kidogo tu, wateja wangu wanavuka mpaka pale Blaine wanaenda kununua Bellingham, Marekani. Nifanyeje?*
*Mwenye Duka*

Pole sana, kaka. Wewe ndiye unayeumizwa na pande mbili: shehena uliyonunua ghali iko rafuni, na mshindani wako yuko mwendo mfupi kwa gari.

La kwanza, mpigie anayekuuzia kwa jumla. Usimwandikie, mpigie. Mwulize bei ya sufuria ileile kwenye orodha yake ya Marekani, na kwa nini yako haijasogea. Wasambazaji wengi hukaa kimya mpaka waulizwe, na wanaoulizwa na maduka ishirini husogea. La pili, loonie inapopanda usijaze ghala. Agiza kidogo na mara nyingi, hata kama usafiri utakugharimu zaidi, ili rafu yako isiwe kumbukumbu ya bei ya mwaka jana. Ikiwa inashuka, geuza mpango huo. La tatu, chagua vitu vichache ambavyo wateja huvilinganisha wakiwa foleni mpakani, uvishushe hata kama faida itakuwa nyembamba. Vingine viache. Hutamzuia anayekwenda Bellingham kwa ajili ya jibini na petroli. Lakini sufuria ikipata ufa wiki ijayo, ni wewe utakayemkarabatia au kumbadilishia bila kumwuliza pasipoti. Mwambie hivyo anapolipa.

*Mwanangu anashabikia mpira wa magongo wa barafuni, na rafiki yake amemwambia kwamba dola ndiyo iliyowahi kuihamisha timu ya mji wetu. Ni kweli?*
*Baba wa Mshabiki, Winnipeg*

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Timu za Kanada huuza tiketi kwa dola za Kanada, lakini wachezaji hulipwa kwa dola za Marekani. Loonie ilipodhoofika miaka ya 1990, kila mshahara ulizidi kuwa mzito. Québec walipoteza timu yao mwaka 1995 ikaenda Colorado, na Winnipeg mwaka 1996 ikaenda Phoenix. Viwanja vidogo na miji midogo vilichangia pia. Na Winnipeg ilipopata timu tena, safari hii nyingine kutoka Atlanta, mwaka 2011, loonie ilikuwa sawa na dola ya Marekani au juu yake. Mwonyeshe mwanao miaka hiyo miwili, 1996 na 2011.

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari hapa Windsor. Msimamizi ametuambia loonie ikiendelea kupanda watapunguza watu. Ni kweli au anatutisha tusiombe nyongeza?*
*Kijana wa Zamu ya Usiku*

Marahaba baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nimewahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo.

Januari 2002 loonie ilianguka hadi chini kidogo ya senti 62, kiwango cha chini kuliko vyote katika historia yake. Kalibu tuliyomuuzia mteja wa Michigan kwa dola 100,000 za Marekani ilituletea dola 161,000 na ushei za hapa. Septemba 2007, kalibu ya bei hiyohiyo ilituletea dola 100,000. Novemba mwaka huo loonie ilipita dola 1.10 kwa muda mfupi, na ankara ile ikawa kama dola 91,000. Chuma ni kilekile, mafundi ni walewale, saa za kazi ni zilezile, na mishahara yote ni kwa dola ya Kanada. Ukimwomba mteja aongeze bei, anakuonyesha karakana ya ng'ambo ya mto ambayo hulipa mafundi wake kwa dola za Marekani na haijaguswa na lolote.

Tajiri wetu alikuwa akiandika kiwango cha siku kwenye ubao juu ya dawati langu kila asubuhi kabla ya kuvua koti. Katika mwaka ule niliandika barua za kuwaachisha kazi mafundi watatu wa meza ya kusugulia. Mmoja wao alikuwa amenifundisha kusoma michoro. Kwa hiyo usidhani msimamizi wako lazima anadanganya.

Ila kuna jambo ambalo mabosi hawalisemi kwa urahisi. Miaka ile ya loonie dhaifu tulikuwa tunawashinda watu wa Michigan kwa bei, na tulijidanganya kwamba tunawashinda kwa ufundi. Karakana nyingi zilikula faida ile bila kununua mashine mpya. Zilizookoka, yetu ikiwa mojawapo, zilifanya kinyume: loonie ilipopanda, mashine za kukatia chuma kutoka nje zikawa nafuu, wakanunua. Pia walifunga kiwango na benki miezi sita mbele, yaani walikubaliana mapema bei ya kubadilishia dola, ili ankara ya Machi ijulikane thamani yake tangu Oktoba. Tena sitaki loonie ibebe lawama yote: 2009 General Motors na Chrysler ziliomba ulinzi wa kufilisika, na mji wetu uliumia kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote.

Basi usibishane naye kuhusu dola. Mwulize, kwa adabu na mbele ya wenzako: wateja wetu wanatulipa kwa dola gani? Chuma na plastiki tunanunua kwa dola gani? Kama malighafi pia inanunuliwa kwa dola za Marekani, sehemu ya hasara inajifuta yenyewe, na tishio lake ni dogo kuliko alivyolisema. Kiwango kimefungwa na benki mpaka mwezi gani? Na la mwisho, ambalo mimi ningelisikiliza kwa makini kuliko yote: kuna mashine mpya iliyoagizwa mwaka huu? Akisema ipo, omba ufundishwe kuiendesha wewe, Jumatatu inayofuata, kabla zamu haijaanza.