Mkondo wa umeme unazitambuaje besi za DNA na RNA?

Swali: Tumefundishwa kwamba kuna kifaa kinachopitisha uzi wa DNA katika tundu dogo sana, kikapima umeme na kutaja besi (zile herufi nne za kikemikali za DNA: adenini A, sitosini C, guanini G na thimini T) moja baada ya nyingine. Iwapo besi hizo nne zina ukubwa unaokaribiana, umeme unazitofautishaje? Na je, RNA nayo inaweza kusomwa hivyo bila kugeuzwa kwanza kuwa DNA? (Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, mliyofundishwa kuhusu tundu na umeme ni kweli, lakini kifaa chenyewe hakitaji besi hata moja. Kinachopimwa ni mkondo peke yake. Besi hukadiriwa baadaye na programu ya kompyuta, na ubora wa makadirio hayo hutegemea sana muda ambao kila besi inakaa ndani ya tundu, pengine kuliko tofauti ya ukubwa uliyoiulizia.

Utando usiopitisha umeme hutenga vyumba viwili vya maji ya chumvi, na ndani yake hupachikwa protini yenye tundu ambalo shingo yake ina upana wa takriban nanomita 1. Volti ndogo, kwa kawaida milivolti 120 hadi 180, husukuma ayoni za chumvi kupita humo. Uzi wa DNA, ambao una chaji hasi, huvutwa kuelekea upande chanya, na ukiwa ndani huziba sehemu ya njia ya ayoni, hivyo mkondo hushuka kwa kiasi kinachotegemea ukubwa na umbo la besi zilizo shingoni na jinsi zinavyogusana na kuta za protini. Nasema "besi" kwa maana ya wingi, kwa sababu mkondo wa kila wakati huathiriwa na besi kama tano zinazofuatana. Mafungu ya besi tano yako 1,024, na mengi hutoa mikondo inayokaribiana mno. Ndiyo maana programu hufuatilia mfululizo mzima wa mabadiliko. Penye A kumi mfululizo mkondo karibu haubadiliki, na programu inaweza kuzihesabu kuwa tisa au kumi na moja.

Sasa tuutazame muda. Pikoampea 1, yaani sehemu moja ya trilioni ya ampea, ni sawa na chaji za msingi (chaji ya ayoni kama ya sodiamu au kloridi) takriban milioni 6.24 kwa sekunde. Tuseme mafungu mawili yanatofautiana kwa pikoampea 5. Uzi ukiachwa upite wenyewe, kila besi hutumia mikrosekunde chache tu, na katika mikrosekunde 1 tofauti hiyo ni ayoni 31 hivi, idadi inayomezwa na kelele za umeme. Kikwazo hicho kiliwakabili John Kasianowicz, Daniel Branton, David Deamer na mwenzao mwaka 1996, walipoonyesha kwamba nyuzi hizi zinaweza kupitishwa katika tundu la alfa-hemolisini, protini ya bakteria. Ilipofika mwaka 2012 ndipo majaribio yalipoonyesha kwamba kimeng'enya, polimerasi ya virusi phi29, kinaweza kuushika uzi na kuuachia hatua kwa hatua. Kwa mwendo wa besi 450 kwa sekunde, ambao vifaa vya kampuni ya Oxford Nanopore vimeutumia, kila besi hupata milisekunde 2.2, na tofauti ileile huwa ayoni 69,000 hivi.

Ipo njia nyingine iliyo karibu zaidi na wazo lako la besi mojamoja. Mwaka 2010 watafiti wa Osaka, Japani, walitumia elektrodi mbili za dhahabu zilizoachana kwa takriban nanomita 1 na kupima elektroni zinazopenya kupitia besi iliyo katikati. Hapa kinachotofautisha ni kemia: guanini hutoa elektroni kwa urahisi kuliko zote, kwa hiyo mkondo wake ndio mkubwa, ikifuatwa na adenini. Mwaka 2012 walisoma mifuatano mifupi ya DNA na RNA kwa njia hiyo. Kifizikia naiona ni njia bora zaidi, lakini upenyaji huo hubadilika sana kwa badiliko dogo la umbali, hivyo besi ikigeuka kidogo mkondo wake hufanana na wa besi nyingine, na bado hapajawa na kimeng'enya cha kuuongoza uzi kati ya elektrodi kwa utulivu unaotakiwa.

RNA husomwa moja kwa moja, na hata majaribio ya 1996 yalihusisha RNA yenye urasili tupu (besi ambayo RNA huwa nayo mahali pa thimini). Huhitaji kimeng'enya chake na programu yake, na huenda polepole: mbinu iliyochapishwa mwaka 2018 ilikwenda kwa besi kama 70 kwa sekunde. Faida yake ni kubwa, kwani kuigeuza RNA kuwa DNA hufuta alama za kikemikali, kama methili iliyo kwenye adenini, ambazo mkondo huweza kuzionyesha. Kumbuka tu kwamba uzi una ncha mbili, 5' (mwanzo) na 3' (mwisho), na RNA huingia tunduni kwa ncha ya 3', kwa hiyo uzi uliokatika wakati wa kuandaa sampuli utasomwa hadi ulipokatikia, na sehemu ya 5' hutaipata.