Anti, hata maji yananinukia! Maswali yenu kuhusu kichefuchefu cha mimba changa

Mwezi huu barua zimejaa mimba mpaka nikajiuliza kulikoni. Nimechagua tano. Wengine msione nimewapuuza, maswali yenu mengi yamo humuhumu ndani.

Shikamoo anti. Nina mimba ya wiki 8, ya kwanza. Nilisikia kichefuchefu ni cha asubuhi, changu hakina saa, naamka nacho nalala nacho. Nikipiga mswaki natapika, nikipanda gari natapika, kazini hawajui kama nina mimba na visingizio vimeniishia. Mama mkwe anasema nijikaze, yeye alizaa saba na hakuna aliyemsikia akilalamika. Hii hali inaisha lini, na nile nini? – Nimechoka Kutapika

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo jina la "cha asubuhi" linawadanganya wengi, maana wapo wanaoumwa kutwa nzima na wapo ambao asubuhi wako salama ila ikifika jioni ndo balaa linaanza. Katika kila wajawazito 10, kama 7 au 8 hivi wanapitia. Kwa kawaida kinaanza wiki ya 5 au ya 6, kinakuwa kikali zaidi karibu wiki ya 9 au 10, afu kinashuka taratibu, na wengi wanapumua kati ya wiki ya 12 na 16. Wachache wanaenda nacho mpaka wiki ya 20 na kupita. Kwa hiyo wewe bado unapanda mlima, sikwambii uongo kwamba kesho utaamka mzima.

Sasa huyo mama mkwe. Mwitikie "ndiyo mama" kwa adabu zote na uendelee na yako, kwa sababu mimba yake si mimba yako. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa utafiti kuhusu homoni moja inaitwa GDF15, hii homoni inatoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma na inaenda kugusa sehemu ya ubongo inayohusika na kutapika, na walichokiona ni kwamba mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha hiyo homoni kabla ya kushika mimba, yeye ndo anaumwa zaidi ikipanda ghafla, yaani mwili haujaizoea. Aliyekuwa nayo nyingi tangu zamani anapita kama hakuna kitu. Huenda mama mkwe ni wa kundi hilo, mshukuru Mungu kwa ajili yake, ila asikuite mdekaji.

Kwenye kula, shika hili moja: tumbo tupu ndo adui yako. Watu wengi wanakosea hapo, wanaona kwa vile wanatapika basi bora wasile, tumbo linabaki na asidi peke yake na kichefuchefu kinazidi. Weka kitu kikavu kando ya kitanda, biskuti isiyo na mafuta mengi au kipande cha mkate mkavu, kula kidogo kabla hata hujanyanyua kichwa, subiri kama robo saa, afu inuka polepole. Baada ya hapo kula kidogokidogo kila baada ya saa mbili hivi, hata kama ni matonge mawili. Maji usinywe pamoja na chakula, kunywa katikati, funda moja moja, na kama maji yanakukataa jaribu yakiwa baridi sana au mumunya barafu. Chakula kilichopoa kinanuka kidogo kuliko cha moto, kwa hiyo usione aibu kula kiporo kilichotoka kwenye friji bila kukipasha, ilimradi kilihifadhiwa vizuri.

Na hiyo habari ya kula kwa ajili ya watu wawili isahau kwa sasa. Mtoto wa wiki 8 ana ukubwa wa punje ya haragwe, hakudai sahani. Kama kwa siku tatu kitu pekee kinachokaa tumboni ni viazi vya kuchemsha, basi kula viazi vya kuchemsha, mboga na matunda utavirudia ukipata nafuu.

Mswaki: nunua wenye kichwa kidogo, hata wa mtoto, badilisha dawa ya meno kama ladha ndo inakuchokoza, na kama asubuhi haiwezekani piga mchana. Ila ukishatapika usikimbilie mswaki hapohapo, asidi ya tumbo inalainisha meno kwa juu na ukisugua unayala. Suuza na maji, subiri nusu saa.

Kuna kitu hujaandika ila nakiuliza kila mtu: vidonge vya madini ya chuma unameza saa ngapi? Maana hivyo vidonge vinajulikana kwa kuchokoza tumbo. Wengine wakivihamishia usiku pamoja na chakula wanapata nafuu, na wengine kliniki inawaruhusu wapumzishe chuma kwa muda wabaki na asidi ya foliki tu, ambayo ndo inahitajika hasa wiki hizi za mwanzo kwa ajili ya ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Nimesema kliniki inawaruhusu. Usiviache kimyakimya afu useme anti ndo kasema.

Tangawizi inasaidia kweli, sio stori za vikongwe tu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa 2016 limeitaja pamoja na vitamini B6 kwa kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Kiasi kinachotumika sana kwenye tafiti ni kama gramu 1 ya unga wake kwa siku nzima, usijaze sufuria, ikizidi inaleta kiungulia na utakuwa na matatizo mawili. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, uliza kwanza.

Kazini mwambie mtu mmoja tu unayemwamini. Kujificha nako kunachosha kama kutapika.

Anti mimi ni mwanaume, naomba unisitiri. Mke wangu ana miezi miwili, hataki nimsogelee, anasema nanuka. Naoga mara tatu kwa siku na sabuni ya kunukia na pafyumu juu, ndo kwanza anakimbilia chooni. Washkaji wananicheka eti mimba imenikataa, nimeanza kuwaza mambo mengine kabisa. Halafu usicheke, na mimi juzi nimeanza kuhisi kichefuchefu. – Baba Kijacho

Nimecheka, nisamehe. Baba, hiyo sabuni na pafyumu ndo zinazokufukuzisha! Pua ya mjamzito inashika kila kitu, harufu ambayo wewe huioni kwake ni kama umemmwagia usoni, na mara nyingi zile anazozichukia ni zilezile alizokuwa anazipenda. Haimaanishi hakupendi wala hakuna mwingine, hayo mawazo yatoe. Oga na sabuni isiyo na harufu, pafyumu weka kabatini miezi miwili, kama unavuta sigara hapo sina la kukutetea, achana nayo tu. Fungua madirisha. Mapishi chukua wewe, hasa kukaanga, na taka toa wewe kabla hazijaanza kunuka. Na usimuulize "unataka kula nini" mara kumi kwa siku, hilo swali lenyewe linamtapisha, mwekee vitu viwili vitatu karibu na uondoke zako.

Hicho kichefuchefu chako kipo pia, wataalamu wanakiita kuvade, wanaume wengine mke akishika mimba na wao wanatapika, wanaongezeka uzito, wanaumwa na meno. Sio ugonjwa, kitapita. Ila washkaji usiwaambie.

Dada, nina wiki 9, sijatapika hata siku moja, nakula kama kawaida. Wenzangu wananiambia mimba isiyosumbua haina nguvu. Je mtoto yuko salama? Na ni kweli ukiumwa sana ni wa kike?

Kama wapo 7 au 8 wanaoumwa kwenye kila 10, basi wapo 2 au 3 ambao hawaumwi, na wanajifungua watoto wazima kabisa. Wewe ni wa hao, kula ushibe. Kinachotakiwa kukupeleka hospitali ni kutokwa damu au maumivu makali ya tumbo, sio kukosa kutapika. Kuhusu jinsia, ni kweli kati ya wanaoumwa kupita kiasi wenye watoto wa kike wanazidi kidogo, lakini tofauti yenyewe ni ndogo, usinunue nguo kwa hesabu hiyo.

Anti, daktari kaniandikia vidonge vya kuzuia kutapika lakini dada yangu mkubwa kanikataza, anasema dawa za hivyo ziliwahi kuzalisha watoto wasio na mikono. Navitazama tu mezani naogopa. – Mwoga wa Vidonge

Dada yako hajatunga. Dawa ilikuwepo, thalidomaidi, ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakawa wanapewa kwa kichefuchefu, ikaja kuondolewa mwishoni mwa 1961, na watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo pungufu kwa ajili yake. Ni jambo la kutisha na ndo sababu sheria za kupima dawa zikakazwa baada ya pale. Lakini huwezi kukuta daktari anakuandikia hiyo kwa kichefuchefu leo.

Tena kuna hadithi ya upande wa pili ambayo haisimuliwi sana. Marekani kulikuwa na kidonge cha kichefuchefu chenye doksilamini na vitamini B6, kesi za mahakamani zikawa nyingi mpaka kampuni ikaamua yenyewe kukiondoa sokoni mwaka 1983, wakati tafiti hazikuonyesha kwamba kinaharibu mtoto. Wanawake wa kule wakakaa miaka 30 bila dawa iliyoidhinishwa kwa ajili yao, wakalazwa sana, mpaka mwaka 2013 mchanganyiko uleule uliporuhusiwa tena. Kwa hiyo uoga nao una gharama yake. Rudi kwa daktari na kile kidonge mkononi, muulize jina lake, nimeze mara ngapi na kwa siku ngapi, kinaleta usingizi au hakileti (doksilamini inaleta, usiendeshe gari). Akikujibu ukaridhika, meza. Cha kuogopa ni kile cha kujinunulia mwenyewe au alichobakiza jirani.

Anti nina wiki 10. Leo siku ya pili hata maji hayakai, nilikuwa kilo 58 sasa nina 54, nikisimama naona giza, mkojo umekuwa kama chai ya rangi na tangu asubuhi sijaenda. Kila mtu anasema ni kawaida ya mimba. – Sina Nguvu

Huyu nilimjibu siku ileile, sikungoja jarida litoke, nikamwambia weka simu chini uende hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Namweka hapa kwa ajili yenu wengine. Hii sio kawaida ya mimba. Kitaalamu wanaita haiparemesisi gravidaramu, inawapata wachache, kwa makadirio ya juu kama 3 katika kila 100, na mojawapo ya alama zake ni kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao. Kwa kilo 58 hiyo ni karibu kilo 3, na yeye alishapoteza 4. Kama hujaweza kubakiza kinywaji chochote kwa saa 24, au saa 8 zimepita bila mkojo, au unatapika damu, au moyo unaenda mbio na unazimia, usimsikilize anayesema jikaze. Na ukiwa na homa au tumbo linauma, au kutapika kumeanza upya wakati hukuwa nako wiki zote za nyuma, hapo wakutafutie na kitu kingine, kichefuchefu cha mimba hakileti homa.

Hospitali watapima mkojo kuona kama mwili umeanza kuunguza mafuta yake, watakuwekea dripu na dawa ya sindano, na watakupa vitamini B1, hiyo waulize hata wewe kama umetapika wiki nyingi, maana ikiisha mwilini inaumiza ubongo, na inatakiwa itangulie kabla ya dripu ya sukari. Watapiga na ultrasaundi kuangalia kama ni mapacha au mimba zabibu (kondo linakua vibaya kama vishada vya zabibu badala ya mimba ya kawaida), zote zinaweza kuzidisha kutapika. Na asikwambie mtu ni kudeka, Catherine, mke wa mwanamfalme William wa Uingereza, alilazwa kwa hiihii Desemba 2012, pamoja na watumishi wote wale.

"Sina Nguvu" kaniandikia tena. Alilazwa siku tatu, sasa anamumunya barafu na biskuti zinakaa, kilo moja imerudi. Ameuliza mimba ijayo itakuwa hivihivi? Uwezekano wa kurudia ni mkubwa, sikufichi mwanangu, ila safari hiyo usingoje ufike hapo, siku ukipima tu ukaona mistari miwili nenda kliniki uwaambie ya safari hii ilikuwaje, ili dawa ianze mapema kabla kutapika hakujakushika.